Nyoka wa Tumboni

"Mama Izabayo, nyoka ya tumbo inaweza kupanda mpaka mu kichwa?"

Nyirahabimana aliliuliza swali hilo juu ya uzio, mchana, akimtazama mtoto wa jirani aliyekuwa ametoka kuanguka kifafa uani. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama jirani anavyouliza kama mvua itanyesha. Mama wa mtoto aliinama. Alimbeba mtoto, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Hospitali hawakwenda. Mtoto akaendelea kuanguka.

Mvua za msimu ule zilikuwa hazijakatika, na mwenye swali alikuwa amekwisha kuuawa.

Walimkuta asubuhi amelala chali jikoni mwake, hapa Gitambi, miguu ikielekea kwenye mafiga. Kichwa kilikuwa kimepasuliwa kwa mchi wa kutwangia sombe, majani ya mihogo. Mchi wenyewe ulikuwa umetupwa hapo hapo, nywele nyeupe zimegandia kwenye ncha yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika mahali pawili, maana mzee wa watu alijaribu kujikinga. Lakini si hayo yaliyomfanya mpelelezi Gaudiose Mukantwari apige goti na kukawia kusimama. Ulikuwa mdomo. Mdomo ulikuwa umeshindiliwa voka, yaani parachichi, nyama yake ya kijani imesukumwa hadi inatokea puani, na kule nyuma, kooni, limekwama kokwa zima.

"Voka," alisema msaidizi wake, Gisa, akiwa mlangoni. "Shefu, muntu anaua na voka?"

"Aliua kwa mchi. Voka alimlisha kwanza."

Gaudiose aliwasha tochi ya simu, akaifungua midomo kwa vidole vyenye glavu. Nyirahabimana alibakiwa na meno machache, mawili juu na matatu chini. Meno hayo yalikuwa na damu. Midomo haikuwa na kidonda, ulimi ulikuwa mzima. Alitazama mara ya pili ili asijidanganye, kisha akasema, "Damu hii si yake."

Hakupata nafasi ya kuendelea. Kelele zilipanda kutoka barabarani, kelele za watu wengi, na katikati yake sauti ya mwanaume analia kama mbuzi.

Walikuwa wamemkamata Mugabo, mwenye kibanda cha kuchoma nguruwe pale senta, penye maduka. Walimfunga mikono kwa kamba za migomba, wakamlaza kwenye matope, na kila aliyefika alimpa la kwake: teke, jiwe, mpini wa jembe. Sikio moja lilikuwa linaning'inia. Mwanamke mmoja mnene alikuwa amepanda mgongoni mwake akimpiga kwa kandambili, na kwa kila pigo alitaja jina la marehemu.

"Nguruwe wake walikula mihogo ya mukecuru, mama muzee yetu!" walipiga kelele. "Ye mwenyewe alisema atamuvunja kichwa! Angalia shati yake!"

Shati lilikuwa na damu kifuani na mikononi.

Gisa alipiga risasi hewani. Watu walirudi nyuma, lakini si mbali. Gaudiose aliingia katikati, akasimama huku mtu yule yuko kati ya miguu yake, akawatazama mmoja mmoja usoni mpaka wakaanza kuangalia chini.

"Atakayetupa jiwe lingine, nitamuandikia kesi ya kumuua huyu," alisema. "Mna kiu ya damu asubuhi hii? Nendeni mkamfunike mama yenu kule jikoni, miguu yake iko wazi."

Mugabo alipakiwa kwenye gari akitema meno.

* * *

Nyuma ya jiko kulikuwa na uzio wa miyenzi, mimea ya utomvu, na nyuma ya uzio majani yalikuwa yamekanyagwa. Mtu alikaa hapo akimngoja mama mzee aje kuwasha moto. Aliyengoja alikuwa na hofu, kwa sababu tumbo lilimlegea. Alijisaidia hapo hapo, akafunika kwa jani la mgomba.

Gaudiose aliliinua jani kwa kijiti. Juu ya kinyesi kulikuwa na vipande vyeupe, bapa, vimeshikana kama utepe wa kushonea.

"Shefu, hata hii tunabeba?" Gisa alibana pua.

"Hii zaidi ya vyote. Shahidi huyu hana kinywa cha kudanganya."

Sehemu moja ilifungwa kwenda Kigali, na kila mtu alijua majibu ya Kigali hayatakuja kesho. Sehemu nyingine Gaudiose aliipeleka mwenyewe kwa Teta, mtaalamu wa maabara ya hospitali. Waliimba kwaya pamoja zamani, na Teta hakuwa mtu wa kumpamba mtu maneno.

"Ulipoziokota zilikuwa zinatembea?" Teta aliuliza kabla hata ya kufungua kopo.

"Hapana. Zimetulia."

"Moja moja, au mnyororo?"

"Mnyororo."

"Mm." Alichukua pingili moja kwa koleo, akaiosha, akaidunga wino pembeni kwa sindano nyembamba, kisha akaibana kati ya vioo viwili na kuinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. "Huyu ni tegu. Kwa binadamu wa huku tunawakuta wawili: wa ng'ombe na wa nguruwe. Wa ng'ombe hana adabu. Pingili zake hutoka zenyewe, moja moja, zinatembea, muntu anaikuta kwenye suruali yuko kanisani. Wa nguruwe anangoja choo, anatoka kwa kushikana, ametulia."

"Hiyo inatosha kuapa?"

"Haitoshi. Ndiyo maana nimeweka wino. Njoo uangalie. Huu mstari wa katikati ni mfuko wa mayai. Una matawi kila upande. Yahesabu."

Gaudiose alihesabu kwa ncha ya kalamu, bila kugusa kioo. "Tisa. Ni manene."

"Wa ng'ombe yangekuwa kumi na tano, ishirini, membamba, yamebanana. Mayai yenyewe hayasaidii, ya huyu na ya yule ni mapacha. Lakini matawi hayasemi uongo. Mtu wako amekula nguruwe, na hakuivisha."

"Basi imekwisha!" Gisa alipiga makofi. "Mugabo anauza akabenzi, nguruwe ya kuchoma, kutoka asubuhi mpaka jioni. Twende tufunge faili."

"Mletee Teta choo cha Mugabo kwanza," Gaudiose alisema.

Teta alikuwa bado ameshika kioo. "Na jambo lingine. Anayembeba huyu, tumbo lake halimsumbui sana. Hatari ni kwa wanaokula pamoja naye. Nyama yenye punje za tegu, ukiila, unapata mnyoo tumboni. Lakini mayai ya mnyoo, yakitoka kwenye mkono usionawa yakaingia mdomoni mwa mwingine, hayawi mnyoo. Yanatoboa utumbo, yanaingia kwenye damu, yanapanda. Nguruwe akiyala, yanakaa kwenye nyama yake. Mtu akiyala, yanaweza kukaa kwenye ubongo, yanajenga vifuko. Kwa hiyo nyumba anayoishi mtu wako, uliza kama kuna mwenye kifafa."

Gaudiose alitoka bila kuaga vizuri.

* * *

Mugabo alikuwa kitandani hospitalini, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Uso wake ulikuwa umevimba hadi jicho moja halikuonekana.

"Mama," alisema kwa midomo minene, "balinipiga na kandambili. Kandambili! Miye muntu muzima, muchinjaji."

"Ulisema utamvunja kichwa."

"Nilisema. Na miye nasema kila siku. Hata bibi yangu namuambia, angalia kichwa yake, iko palepale."

"Damu ya shati?"

"Ya ngurube. Nilichinja alfajiri. Pimeni."

"Wewe unakula nguruwe?"

Jicho lake moja likafunguka. "Miye? Mama, miye njo nabafuga. Najua bile binakula nyuma ya nyumba za bantu. Akabenzi ni ya bakiliya. Miye napenda brochette, mushikaki ya ngombe, tena ile bado iko na damu."

"Na tumbo?"

Akatazama ukutani. Gisa alikuwa anamwangalia, muuguzi alikuwa anamwangalia.

"Hii nitasema ju ya kuokoa shingo," alinong'ona. "Iko natembea. Juzi nilikuwa nakatia bantu nyama, nikasikia kintu baridi kinashuka mu mguu. Nikaangalia: kinatembea, kama kiko na safari yake."

Muuguzi alicheka hadi akaweka sinia chini. Gaudiose hakucheka. Aliushika mkono wa Mugabo, akaugeuza, akakagua kidole kimoja baada ya kingine, kisha mkono ule mwingine. Makovu ya kisu, ya zamani. Hakuna jeraha la meno. Aliyeingiza kokwa lile hadi kooni alitumia vidole, na vidole hivyo viliumwa.

Siku iliyofuata Teta alipiga simu juu ya choo cha Mugabo. Matawi membamba, yamebanana, hata alichoka kuhesabu. Tegu wa ng'ombe.

"Basi tumebaki bila muntu," Gisa alisema, wakipanda tena barabara ya Gitambi.

"Tuna mtu. Hatujui jina lake tu. Fikiri: mtu akigombana nawe juu ya mihogo, atakuua, ataenda. Atakulisha kwa nini?"

Gisa alifikiri. "Ataniambia: ile ulinipa, kula na weye."

"Sawasawa. Mama huyu alimpa mtu voka. Mtu akaugua. Wakasema ni sumu."

Aliwauliza wanawake waliokuwa wanachota maji bombani: nani alikula voka ya Nyirahabimana akaanguka? Ndoo zilijaa zikamwagika, hakuna aliyefunga bomba. Mwishowe yule mnene wa kandambili, ambaye siku ile hakuwa na ukali wowote, alielekeza kwa kidevu.

"Mutoto ya Vénuste. Lakini Mama, bale ni bantu ba Mungu."

* * *

Vénuste Tuyishimire alikuwa masoni, fundi wa kujenga. Wiki nzima alijenga mjini Kamembe, akalala huko, na kila Ijumaa alirudi nyumbani kabla jua halijazama kwa ajili ya Sabato. Kanisani alikuwa shemasi. Siku hiyo haikuwa Ijumaa, lakini alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha mlangoni, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

"Amani ku nyumba hii," Gaudiose alisema.

"Amani, Mama. Karibuni. Tuko na mugonjwa."

Ndani, juu ya mkeka, alilala Izabayo. Alikuwa mtoto wa kuanza shule, lakini mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Pembeni kulikuwa na bakuli la dawa ya majani, nyeusi, yenye harufu kali. Mama yake, Tumukunde, alikuwa anamlazimisha kijiko cha dawa, na mtoto alikuwa anaitapika.

"Ni ya kutapisha sumu," Tumukunde alisema bila kugeuka. "Muganga alisema itatoka yote."

"Tangu lini anatapika?"

"Hata maji sasa hayabaki."

"Mpeleke hospitali, mama. Leo. Huyu amekauka."

"Hospitali?" Tumukunde aligeuka sasa, macho makavu. "Bamupige sindano? Muntu wa sumu akipigwa sindano, anakufa palepale. Kila muntu anajua. Unataka miye njo nimuue?"

"Nani alimpa sumu?"

Vénuste alikohoa. Tumukunde alijibu hata hivyo. "Ye mwenyewe alijisema. Alimupa voka, mutoto akaanguka. Halafu akasimama pale ku uzio, akaniuliza kama nyoka inaweza kupanda mu kichwa. Alijuaje kama iko nyoka? Muntu anauliza nyoka aliyomutuma."

Sasa Gaudiose alielewa. Katika lugha yao ya nyumbani nyoka na mnyoo jina ni moja, inzoka, awe wa majanini au wa tumboni. Mama mzee aliuliza juu ya mnyoo. Jirani alisikia uchawi.

"Mkono umefanya nini, Papa Izabayo?"

"Tofali iliangukia."

"Pole. Nyinyi mnakula nguruwe hapa?"

"Mama!" Vénuste alitabasamu kama mtu aliyepewa swali jepesi. "Siye ni Basabato. Ile nyama hata harufu yake haivuke ule mulango."

"Sikuulizi mlango. Nauliza mdomo."

Kabla hajajibu, mtoto alitoa sauti. Mgongo ulipinda, macho yakageuka meupe, miguu ikaanza kupiga mkeka, na damu ya ulimi ikatoka na povu. Tumukunde alirukia kijiko ili akiingize kati ya meno. Gaudiose alimshika mkono.

"Usiweke kitu mdomoni. Mlaze ubavu. Hivi. Sogeza bakuli."

Walimshikilia hivyo, wanawake wawili, kila mmoja upande wake, mpaka mwili ule mdogo ukaacha kupiga na pumzi ikarudi kwa kukoroma. Gaudiose hakuondoa mkono wake begani mwa mtoto aliposema:

"Hakuna sumu hapa. Kuna mayai ya tegu wa nguruwe, nadhani, yamepanda kichwani. Siwezi kuapa, picha ya kichwa ndiyo itaapa. Lakini mtoto huyu hakula nguruwe. Alikula mayai, na mayai yanatoka kwa mtu mwenye mnyoo tumboni, akitoka chooni bila kunawa. Mama, nani anamlisha?"

"Miye napika."

"Sikuuliza anayepika. Nani anamtia chakula mdomoni?"

"Baba yake." Tumukunde aliusema kwa upole, bila kufikiri. "Akirudi siku ya tano, Ijumaa, anamuweka ku mapaja, anamumegea bugali na mukono yake. Ni mutoto wake wa roho. Hamegee mwingine..."

Akaacha. Alimgeukia mume wake.

"Mbegu za maboga," alisema. "Kila siku ya yenga, Jumapili, unatafuna mbegu za maboga, mbichi, asubuhi, mbele ya kula. Uliniambia ni za mugongo, kumbe ni za kutoa nyoka ya tumbo."

"Mama Izabayo, tuliya."

"Na ile shati ya mafuta. Nilikuuliza harufu ya nini. Ukasema mbuzi."

"Kamembe bote banakula!" sauti ya Vénuste ilipasuka. "Kazi ya matofali, njaa, bantu banaita, kuya ukule, kidogo tu, Mungu anaona roho!"

"Fungua kitambaa," Gaudiose alisema.

Hakufungua. Alinyakua nyundo iliyokuwa kwenye mfuko wake wa kazi, chini ya kiti, akamrukia Gaudiose. Gisa aliingia kati, na nyundo ikampata usoni. Mfupa wa pua ulisikika ukivunjika. Nyundo ilipanda tena, ikavunja bakuli, dawa nyeusi ikarukia ukuta. Gaudiose alimpiga kwa kigae cha bakuli kwenye kifundo cha mkono, mara mbili, mpaka vidole vikaachia, na Gisa, huku damu inamchuruzika kifuani, akamwangusha kwa uzito wake wote na kumkalia mgongoni. Pingu zililia. Kitambaa kikachomoka.

Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba, vimegeuka rangi ya nili. Juu alama mbili, chini alama tatu. Usaha ulikuwa umeanza.

"Meno ya Nyirahabimana," Gaudiose alisema.

Vénuste aliweka paji la uso kwenye udongo. Alipoanza kusema, hakumwambia mpelelezi, aliiambia sakafu.

"Nilimuletea voka yake. Nikamuambia, kama ni nzuri, kula. Akakula." Alivuta pumzi. "Hakukatala. Aliketi pale ku moto, ananitazama, anakula kidogo kidogo, ju hana meno. Akaniuliza, mutoto anaendelea je? Nikasema mu roho, anajifanya, huyu. Nikasukuma. Nikasukuma na kokwa. Akaniuma, njo nikaona mchi."

Gisa alijipangusa damu kwa mkono wa shati. Kwenye mkeka mtoto alikuwa amefungua macho, hajui alipo, anatafuta kwa kuangalia.

"Mama," Tumukunde alimwita Gaudiose. Sauti ilikuwa ya chini kabisa. "Sindano haitamuua?"

"Haitamuua. Wapime kichwa kabla ya dawa yoyote ya minyoo, isije ikavimbisha ubongo; uwaambie hivyo mlangoni. Kitakachomuua ni kukaa hapa. Gari yetu iko chini barabarani, dereva atakupeleka."

Tumukunde alichukua kitenge kilichokuwa kwenye kamba. Alimwinua mtoto, akamweka mgongoni, akainama, akafunga kwanza juu, halafu chini, akavuta mafundo kwa nguvu. Uso wa mtoto uliegemea kati ya mabega yake.

"Mama Izabayo," Vénuste aliita kutoka sakafuni. Shavu lake lilikuwa kwenye dawa iliyomwagika. "Semea miye neno moja. Hata ya kunitukana. Nilifanya ju ya mutoto. Unajua nilifanya ju yake."

Mwili wake ulikuwa umeziba njia ya mlango. Tumukunde alishika upindo wa nguo yake usimguse, akavuka juu ya miguu yake, akatoka.